Nani Atamwagilia Jumanne?

Jumatatu ya mwisho ya Agosti ni sikukuu katika England, Wales na Ireland ya Kaskazini. Haina nabii wala shujaa, haiadhimishi vita wala uhuru. Iliingizwa kwenye kalenda na mwenye benki, Sir John Lubbock, mbunge aliyesimamia Sheria ya Sikukuu za Benki ya mwaka 1871, mtu ambaye saa zake za ziada alizitumia kufuga sisimizi nyumbani na kuandika kitabu juu ya mwenendo wao. Awali siku yenyewe ilikuwa Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Mwaka 1965 ikasogezwa mwisho wa mwezi kwa majaribio, na sheria ya 1971 ikaithibitisha hapo. Waskoti wamebaki na ile ya kwanza.

Baada ya siku hiyo hakuna sikukuu nyingine mpaka Krismasi. Kwa hiyo kila kilichoahirishwa tangu Mei, kuanzia kupaka rangi uzio hadi kumtembelea shangazi, hubanwa ndani ya Jumamosi, Jumapili na Jumatatu hiyo. Wengine huenda pwani. London, maelfu kwa maelfu humiminika kwenye kanivali ya Notting Hill. Na wapo wanaobeba majembe, makapu ya chakula na watoto, wakaenda kulima.

Agosti 2022 nilialikwa na kundi la namna hiyo: marafiki wa Tanga, Mombasa, Bujumbura na mmoja wa Kigoma, wote wakazi wa London, ambao baada ya kukaa miaka kwenye orodha ya kusubiri walikuwa wamekodishiwa kiwanja cha mboga na halmashauri yao. Wenyewe wanakiita shamba. Ukubwa wa kawaida wa viwanja hivi ni takribani mita za mraba 250, kipimo cha zamani kilichopokelewa kizazi hadi kizazi, na haki ya kuvipata inatokana na sheria ya mwaka 1908 inayozitaka halmashauri zitenge ardhi pale wananchi wanapoihitaji. Sheria ya 1922 ikaongeza kwamba kiwanja kiwe hasa cha mboga na matunda ya familia yenyewe, si cha biashara. Ya 1950 ikaruhusu kufuga kuku na sungura humo. Kuku ruksa, jogoo hapana. Bunge zima lilikaa likamfikiria jirani anayetaka kulala.

Mkuu wa kundi alikuwa dada mmoja wa Tanga ambaye kazi yake ya kila siku ni kuandika maombi ya fedha za miradi. Alikuwa ameandaa mpango, na mpango ulikuwa mzuri kweli. Jedwali lilikuwa na lengo, shughuli, mhusika na kiashiria. Jumamosi: kusafisha kiwanja chote. Jumapili: kutengeneza matuta na kupanda. Jumatatu: mandari, kwa wenyeji, watoto na majirani wa viwanja vya kando. Kwenye safu ya mhusika, kila mstari uliandikwa neno moja, “wanakikundi”.

Nimesoma mipango mingi ya miradi huku kwetu Tanzania na neno hilo nalifahamu. Hapo ndipo mradi huanza kuvuja.

Jumamosi asubuhi kiwanja kilikuwa na mambo mawili ambayo jedwali halikuyataja. La kwanza ni udongo. Julai ya mwaka ule ilikuwa kavu kuliko Julai yoyote England tangu 1935. Tarehe 19 mwezi huo joto lilifika nyuzi 40.3 huko Coningsby, Lincolnshire, rekodi ya nchi nzima, na Agosti 12 serikali ikatangaza rasmi ukame katika maeneo kadhaa. Sehemu kubwa ya London imekaa juu ya udongo wa mfinyanzi. Udongo huo ukikauka hivyo, jembe linaruka na kukurudishia mtikisiko mpaka begani. Kaka wa Mombasa alipiga mara chache, akasimama, akafuta jasho.

“Dada, ratiba hii uliiandikia wapi?”

“Kwenye treni, kaka.”

Hakusema kwa kujitetea. Alilijibu kama swali la kawaida, na pengine ndilo swali la kawaida kuliko yote kuhusu miradi.

La pili ni gugu. Kiwanja kilikuwa kimeachwa na mpangaji wa awali, na kote kilikuwa kimefunikwa na mmea unaotambaa, majani yake umbo la moyo, maua meupe kama tarumbeta. Dada wa Kigoma aliyeona kwa mbali alifurahi akidhani amekuta matembele. Hakukosea sana, maana gugu hilo na kiazi kitamu ni vya familia moja. Tofauti ni kwamba hili halizai chochote cha kuliwa, hujisokota kwenye kila kilichosimama, na mizizi yake myeupe hushuka chini sana. Ukikata kipande kidogo cha mzizi na kukiacha ardhini, kipande hicho huchipua na kuwa mmea kamili.

Hapo kaka wa Mombasa akapata wazo ambalo mtu yeyote mwenye haraka angelipata, yaani kukodi mashine ya kulimia, ile ya kusukuma kwa mikono yenye visu vinavyozunguka. Nusu siku kiwanja chote kingekuwa kimetifuka, na ratiba ingeokoka. Aliyemzuia ni mzee wa Kijamaika wa kiwanja cha jirani, aliyekuwa amekaa kivulini tangu asubuhi akitutazama kwa adabu. Alieleza taratibu kwamba mashine ile ingekata mizizi vipande maelfu na kuvisambaza vizuri kila pembe. Ingekuwa ni kulipanda gugu kwa injini. Alisema amewahi kuona watu wakifanya hivyo, kiwanja kikapendeza wiki mbili, kisha hao watu hawakuonekana tena.

Nilipomsikia nilifikiria Kongwa. Mtanzania akisikia habari ya Mwingereza, mashine na udongo mgumu, akili hukimbilia huko yenyewe. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, na mwaka 1947 serikali yake ilianza mradi wa karanga Tanganyika: mamilioni ya ekari yaliyopangwa Kongwa, Urambo na kusini upande wa Nachingwea. Vilinunuliwa vifaa vilivyobaki vitani, hata vifaru vikageuzwa matrekta. Msitu wa Kongwa uling’ang’ania, na mizizi iliyokatwa juu juu ilivunja majembe ya matrekta. Udongo wake wenye mfinyanzi, jua likishaupiga baada ya mvua, uligeuka zege, karanga zikashindikana kung’olewa. Wagogo wa pale wangeweza kueleza habari za mvua ya nchi yao kwa yeyote aliyetaka kusikiliza. Januari 1951 mradi ukatangazwa umekwisha, baada ya pauni milioni 36 hivi kuteketea. Kusini ulikuwa umeacha bandari ya Mtwara, ambayo angalau ipo, na reli ambayo baadaye iling’olewa.

Hadithi hiyo tunaijua na tunaipenda, kwa sababu anayechekwa ndani yake si sisi. Tunachosahau ni upande wake wa pili. Nchi ile ile, kwa njaa ile ile na katika muongo huo huo, ilikuwa na mradi mwingine wa chakula uliofaulu. Wakati wa vita serikali iliwahimiza wananchi walime kila kipande cha ardhi. Mboga zikapandwa Hyde Park na hata kwenye handaki la Mnara wa London, na viwanja vya familia vikafika takribani milioni 1.4. Serikali haikukaa kando, ilitoa vipeperushi na kulikuwa na mtaalamu wa bustani aliyesikilizwa redioni kila wiki. Ila hapakuwa na mtu aliyelazimika kuamua nani atamwagilia. Aliyepanda alikuwa akipita kwenye tuta lake kila jioni, na kabichi ilikuwa chakula chake cha Jumapili.

Sidai kwamba vidogo hushinda vikubwa siku zote. Bwawa halijengwi kwa keni za kumwagilia. Lakini kwenye kilimo, na kwenye miti, na kwenye visima vya kijiji, nimeona mara nyingi kwamba siku ya uzinduzi huandaliwa kwa makini kuliko wiki inayofuata.

Wakenya wana mfano mpya. Novemba 13, 2023 serikali yao iliitangaza siku nzima kuwa sikukuu ya kupanda miti, lengo likiwa miche milioni 100 kwa siku hiyo, sehemu ya lengo kubwa zaidi la miti bilioni 15 ifikapo 2032. Siku ilichaguliwa ndani ya msimu wa mvua, na hilo ni jambo la busara ambalo Kongwa haikulijali. Lakini hesabu ya siku ya kupanda ni hesabu ya miche iliyoingia ardhini. Hesabu ya iliyo hai baada ya kiangazi haina sikukuu yake, na kwa kawaida haina bajeti yake. Huku Tanzania ni vivyo hivyo; kiongozi hupanda mti mbele ya kamera, mti huwekewa kibao chenye jina lake, na miaka miwili baadaye kibao ndicho kimekomaa.

Turudi kwenye shamba la London, maana ilikuwa imefika saa sita mchana na jua lilikuwa kali. Jumatano iliyotangulia, Agosti 24, marufuku ya kutumia mpira wa maji bustanini ilikuwa imeanza London na bonde la mto Thames. Keni za kumwagilia ziliruhusiwa. Jedwali, lililoandikwa kabla ya hapo, lilisema: umwagiliaji, mpira, tayari. Watoto walikuwa wamechoka na wameanza kurushiana madongo. Dada wa Tanga akalitazama jedwali lake, akalikunja, akasema tule.

Kwa hiyo mandari iliyopangwa Jumatatu ikafanyika Jumamosi. Mikeka na mablanketi vilitandikwa chini ya mti wa plamu ulioachwa na mpangaji wa zamani. Kulikuwa na chapati, maharage ya nazi, sambusa, pilau iliyofungwa blanketi tangu alfajiri, chai ya tangawizi kwenye chupa. Mishikaki ilichomwa nyumbani, kwa kuwa kwa ukame ule kamati ya viwanja ilikuwa imepiga marufuku moto. Kachumbari ilikatwa pale pale kwa nyanya za mzee wa Kijamaika, ambaye sasa alikuwa amehama kivuli chake na kuja kwetu. Alikuja na fungu la mchicha. Kwao wanaula asubuhi na samaki wa chumvi, na wakulima wa Kibangladeshi wa viwanja vya nyuma nao wanaupanda, kila mmoja akiamini ni mboga ya kwao. Majira ya joto ya London huutosha mchicha. Mihogo hapana, baridi huiua, na kisamvu kikabaki cha kununua kimegandishwa.

Nilikaa nikasikiliza, na nadhani ndani ya mlo ule mradi ulitengenezwa upya bila mtu kutangaza kwamba kikao kimefunguliwa. Muuguzi mmoja wa kundi akitoka zamu ya usiku hupita mbele ya lango la viwanja, na hakuna aliyekuwa amewahi kumuuliza. Kaka anayeendesha basi anaishi mitaa miwili kutoka pale. Wale wa mbali walikiri kwamba katikati ya wiki hawawezi kufika hata wakitaka, na kukiri huko kulikuwa na thamani kuliko ahadi. Mzee akaeleza njia yake: usilichimbe gugu lote, lifunike. Maboksi makubwa ya karatasi, yale ya friji na magodoro, yatandazwe juu yake, yawekewe mboji juu, liachwe gizani msimu mzima au zaidi, na linalochungulia ling’olewe kila wiki mpaka lichoke. Kazi ya kusafisha iwe ya ukanda mmoja tu, ulio karibu na tangi la maji.

Sikuona kitu hata kimoja kati ya hivyo kikiwezekana asubuhi ile, watu wakiwa wamesimama na majembe. Aliyesimama na jembe hujibu swali la kazi. Aliyekaa na sahani husema ukweli wa maisha yake, kwamba mtoto ana mtihani, kwamba mgongo unauma, kwamba Jumanne yuko zamu.

Wenzetu wa vijijini wanalijua hili bila kufundishwa. Anayewaita majirani kulima au kuezeka hupika, na asiyepika hapati watu mara ya pili. Kwenye miradi ya kisasa chakula kimegawanyika sehemu mbili zisizofaa. Upande mmoja kimekuwa kijistari cha “viburudisho” ambacho mkaguzi hukikata kwanza. Upande mwingine kimegeuka posho, fedha ya kumlipa mtu kwa kuhudhuria, na anayelipwa kwa kuhudhuria huhudhuria, halafu huondoka. Sahani ya pamoja haifanyi kazi hiyo. Inamweka mtu karibu na mwenzake muda wa kutosha mpaka aone aibu kumwachia keni peke yake.

Huko Todmorden, mji mdogo wa West Yorkshire, jambo hili walilifanya kuwa msingi. Mwaka 2008 Pam Warhurst, Mary Clear na wenzao walianza kupanda mboga na viungo mahali pa wazi mjini, pamoja na mahindi mbele ya kituo cha polisi, ili apitaye achume. Hawakuanza na andiko la mkakati. Sharti lao la uanachama ni fupi: kama unakula, umo. Mtindo huo umeigwa katika miji mingi ndani na nje ya Uingereza.

Nitawatendea haki wenye majedwali pia. Mwaka huo huo wa 2008 London ilianzisha mpango wa Capital Growth, lengo likiwa bustani mpya za chakula 2,012 ifikapo mwisho wa 2012. Namba hiyo haikutoka ardhini, ilitoka kwenye mwaka wa Olimpiki, na ukiisikia mara ya kwanza unaweza kucheka. Lakini lengo lilifikiwa, kwa sababu nyuma ya namba kulikuwa na mafunzo, ruzuku ndogo na watu wa kuwapigia simu, na mtandao wenyewe uliendelea baada ya Olimpiki kwisha. Namba ya kupendezesha si dhambi ikiwa na watu wa kuibeba.

Jumapili tulifanya kazi mapema, tukaacha kabla ya jua kukaza. Jumatatu ukanda mmoja ulikuwa umepandwa spinachi, vitunguu vya majani na miche ya kabichi za kuvumilia baridi, na sehemu iliyobaki imefunikwa maboksi yenye majina ya kampuni za friji. Kwa jedwali la awali, mradi ulikuwa umeshindwa karibu kila kiashiria. Majira ya kuchipua dada wa Tanga aliniandikia kwamba njiwa wamekula robo ya kabichi, spinachi wamechuma mpaka wamegawa, na muuguzi bado anapita. Gugu lilikuwa limechungulia pembezoni, wakaling’oa. Jedwali jipya analo. Safu ya mhusika sasa ina majina ya watu na siku zao, na mandari imeandikwa mstari wa kwanza.

Kwa msomaji wa Kiswahili aliyeko England au Wales na anatamani kiwanja cha namna hii: orodha za kusubiri ni ndefu, na za London baadhi zimefungwa kabisa, kwa hiyo andikisha jina sasa. Sheria ya 1908 ingali hai. Watu sita wenye sifa, wakiwa wapigakura walioandikishwa au walipaji wa kodi ya halmashauri katika eneo hilo, wakiandika barua kudai viwanja, halmashauri inapaswa kuifikiria. Manispaa za London ya ndani pekee hazibanwi na wajibu huo. Mtanzania, Mkenya, Mganda au Mnyarwanda mwenye kibali halali cha kuishi huko ni raia wa Jumuiya ya Madola, na anaweza kujiandikisha kupiga kura hata za bunge. Mrundi au Mkongo anaweza kuingia kwa mlango wa kodi. Tafuteni sita wanaokaa jirani na eneo lenyewe, kabla ya kuwatafuta wanaopenda kilimo, na mkutane kuandika barua hiyo mahali penye chakula.